Sarafu kumi za hamsini: wagombea watano wa udiwani walipoulizwa kwa nini wanagombea

Usuli

Usiku wa kuamkia 1 Julai 2020 mji wetu ulilala manispaa ukaamka jiji. Hatukuwa peke yetu. Miji kadhaa ya Uganda ilipandishwa hadhi mwaka huo, baada ya miaka mingi ya Kampala kuwa jiji pekee nchini. Jina la jiji letu, la soko na la kila mhusika nimeliondoa, na shughuli za watu wawili nimezibadilisha kidogo wasije wakatambulika. Maneno yao sijayabadilisha. Nilikuwa mwendeshaji wa mikutano yote miwili ninayoieleza hapa, kwa hiyo makosa mengi yaliyomo ni yangu.

Kupandishwa hadhi kulitukuta bila maandalizi. Vijiji vya pembezoni vilivyokuwa chini ya wilaya viliingizwa mjini, na watu waliolima mihogo nyuma ya nyumba wakaambiwa kuwa sasa ni wakazi wa jiji. Uvumi wa kwanza ulihusu kodi: ati kila nyumba italipiwa, hata ya udongo. Haikuwa kweli. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu kodi ya majengo katika serikali za mitaa inaisamehe nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake. Lakini uvumi ulitangulia, sheria ikafuata nyuma ikichechemea, na baadhi ya wagombea walikuwa wakiishi kwa uvumi huo.

Uchaguzi wa Januari 2021 ulikuwa wa kwanza kwa halmashauri ya jiji, yaani LC5, ngazi ya juu ya serikali za mitaa. Tulitakiwa kuchagua meya na madiwani, makansela kama tunavyowaita, na karibu hakuna aliyejua kansela wa jiji anatofautianaje na yule wa divisheni, yaani sehemu mojawapo ya jiji yenye halmashauri yake. Sisi watu saba, wengi wetu kutoka kamati ya soko na vikundi vya kuweka akiba, tuliamua kuwaita wagombea wa kiti kimoja cha jiji katika eneo letu waje waeleze jambo moja tu: kwa nini wanagombea.

Mazingira hayakuwa rahisi. Ulikuwa mwaka wa korona. Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeweka ukomo wa watu katika mikutano ya kampeni, kwanza 70, baadaye 200. Bodaboda walitakiwa kuacha kubeba abiria jioni mapema, kwa hiyo mkutano uliovuka saa kumi na moja uliwaacha wazee watembee kwa miguu. Jambo la lugha nalo lilitusumbua. Sokoni kwetu kuna watu wa makabila sita au saba, na Kiswahili ndicho kinachowauzia wote. Hata hivyo mzee mmoja wa kamati alikipinga. Alikumbuka vizuizi vya barabarani, na askari waliokuwa wakiuliza kwa Kiswahili kabla ya kupiga. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alisema mzee, yeye alikuwa kijana na alikisikia kikitoka kambini. Sikumbishia, kwa sababu alichokisema kilimpata. Tulikubaliana kutumia Kiswahili kwa kuwa hakuna mgombea anayeweza kukiita chake, na kila anayetaka kuuliza kwa lugha ya nyumbani atafasiriwa.

Waliokuja

Walikuwa watano. Wa kwanza nitamwita Mzoefu. Alikuwa diwani wa manispaa kwa miaka mingi. Wa pili ni Mwalimu, aliyefundisha shule ya binafsi na hakuwa amepokea mshahara tangu shule zilipofungwa. Wa tatu ni Tajiri, mwenye duka kubwa la saruji na mabati. Wa nne ni kijana wa bodaboda, mwenyekiti wa steji, yaani kituo cha bodaboda, nitamwita Steji. Wa tano ni mwanamke muuza vitenge, ambaye hakuomba kiti maalumu cha wanawake bali kiti cha wazi kilekile walichokitaka wanaume wanne. Nitamwita Mama Vitenge. Mmoja alisimama kwa chama tawala, wawili kwa vyama vya upinzani, wawili wakiwa huru. Tuliwaomba waache rangi za vyama nyumbani, na wote walitii.

Mkutano wa kwanza

Tulikutana katika darasa la nne la shule moja ya msingi. Ubaoni tarehe ilikuwa bado 20 Machi 2020, siku watoto walipotoka wasirudi, na chini yake kulikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hazikuwahi kusahihishwa. Kila mgombea alipewa dakika saba.

Mzoefu alisema: "Mimi si mgeni wenu, na mti wenye matunda ndio utupiwao mawe." Mwalimu alihesabu wanafunzi aliowafundisha ambao leo ni wauguzi na maaskari. Tajiri alisema hagombei kwa njaa, Mungu amemjalia, na watu wakapiga makofi. Steji alisema vijana ndio waliomtuma. Mama Vitenge alianza vizuri, alisema amechoka kulalamika kila siku kwa watu wasioweza kumsaidia, kisha mwanamume mmoja wa nyuma akamkatiza: "Mama, kiti cha akina mama kipo. Huku umefuata nini?" Watu wakacheka. Yeye akameza mate, akasema Mungu akipenda, akaketi kabla dakika zake hazijaisha.

Niliandika ahadi zote kwenye daftari. Zilikuwa 23. Usiku ule, mimi na mwenzangu mmoja aliyewahi kuwa mtunza kumbukumbu wa divisheni, tulizipitia moja moja tukiuliza: hili liko mikononi mwa halmashauri ya jiji? Maji ya bomba ni ya shirika la taifa la maji. Umeme una wenyewe. Dawa za vituo vya afya hununuliwa na kusambazwa na bohari ya taifa ya dawa. Polisi ni wa serikali kuu. Mishahara ya walimu hupangwa Kampala. Ajira za jiji hupitia tume ya utumishi, si kwa diwani. Tulipomaliza, zilibaki ahadi sita ambazo diwani angeweza kuzigusa, na nne kati ya hizo zilikuwa za aina ya "nitapigania barabara".

Sidhani kama walidanganya. Walijibu swali tuliloliuliza. Ukimuuliza mtu kwa nini anagombea, unamwalika asimulie maisha yake, na kila mmoja wao alikuwa na maisha ya kusimulia. Mkutano ungeishia hapo, kwa soda na picha, kama si mwanamke mmoja aliyesimama watu wakiwa wanainuka.

Huyu anauza dagaa, mukene kama tunavyowaita huku. Hupima kwa tampeko, kile kikombe cha plastiki cha sokoni, na meza yake iko hatua mbili kutoka mtaro wa soko. Machi 2020, rais alipoagiza wauza chakula walale masokoni ili wasibebe ugonjwa kwenda nyumbani, yeye alilala wiki kadhaa kando ya mtaro ule, chandarua kimefungwa kwenye miguu ya meza. Alitoa mfuko wa nailoni kifuani, akaufungua taratibu. Ndani kulikuwa na risiti za ushuru wa soko, zimefungwa kwa mpira mwezi kwa mwezi, za zamani zimepauka hadi maandishi hayasomeki.

"Waheshimiwa," alisema, "wote mmesema mnatupenda. Mimi nalipa mia tano kila siku. Naomba mmoja wenu aniambie mia tano yangu inaingia wapi."

Mzoefu alisema ni swali zuri, litajibiwa ofisini. Wengine wakatazama chini. Nami nilikuwa nimekaa mezani na kalamu yangu, na sikulijua jibu.

Uamuzi tulioufanya, na sababu zake

Kesho yake tulikaa. Wenzetu wawili walitaka tuache. Walisema tumeshatimiza wajibu na tukiendelea tutaonekana tunamwinda mtu. Waliobaki tulikubaliana kuitisha mkutano wa pili, lakini kwa namna tofauti.

Kwanza, swali lisiwe "kwa nini unagombea" peke yake. Liwe: mia tano ya huyu mama inaingia wapi, na wewe ukiwa diwani utaifanya nini? Tuliona kuwa sababu ya mtu kugombea itajitokeza yenyewe akilazimika kuzungumzia fedha halisi ya mtu aliyeketi mbele yake.

Pili, wagombea wapewe swali mapema. Hili tulibishana sana. Mwenzetu mmoja alisema mtihani hauvujishwi. Mimi nilisema hatutafuti nani ana kumbukumbu nzuri. Tunatafuta nani atakwenda kuuliza. Diwani halazimiki kuwa na cheti chochote cha shule kwa sheria zetu, na ni sawa, lakini lazima ajue mlango wa kubisha. Tukawapa wiki tatu.

Tatu, sisi wenyewe tutafute jibu kwa maandishi. Tuliiandikia ofisi ya divisheni barua tukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Tuliomba ukurasa wa mapato ya ndani na ukurasa wa matumizi ya soko. Siku ya kumi na saba tuliitwa. Ofisa alitupa karatasi mbili, moja imepigwa muhuri kichwa chini miguu juu, akasema hakuna aliyewahi kuziomba. Alikuwa na furaha kutupa, na nilijuta kwamba tulikuwa tumemwogopa.

Nne, mkutano uhamie sokoni, Jumapili alasiri biashara ikiwa imepoa. Hapo tungekuwa wazi kwa upepo na anayeuliza angekuwa kwake.

Mkutano wa pili

Tulikuwa tumetafuta sarafu kumi za shilingi hamsini, ambazo siku hizi ni adimu. Tulibadilishiwa na mtunza sanduku la sadaka la msikiti. Mwanzoni mwa mkutano nilizipanga juu ya meza ya yule mama wa dagaa, baada ya yeye kuifuta kwa kitambaa, na nikaeleza tuliyoyapata.

Ushuru wa soko hukusanywa na divisheni. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, divisheni ya jiji hubaki na nusu ya inachokusanya na nusu hupelekwa halmashauri ya jiji. Nikasogeza sarafu tano kushoto, tano kulia. Kushoto divisheni, kulia jiji. Kisha nikaeleza kuwa sheria hiyohiyo inaruhusu posho na malipo ya madiwani yatoke kwenye mapato ya ndani, ila yasizidi asilimia 20 ya yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Moja ya tano. Nikachukua sarafu moja upande wa kushoto na moja upande wa kulia, nikaziweka mbele ya wagombea. "Hizi, kama halmashauri ikienda hadi ukomo wa sheria, ndizo posho zenu. Nane zilizobaki ndizo tunazozungumzia."

Soko lilinyamaza. Sijawahi kusikia soko likinyamaza vile mchana. Mtoto mmoja alinyoosha mkono kuzigusa, mama yake akamvuta.

Nikaongeza kuwa halmashauri zetu hutegemea mno fedha za serikali kuu, na nyingi huja na masharti: hii ya mishahara, hii ya madarasa, hii ya barabara fulani. Diwani hawezi kuihamisha ruzuku ya masharti hata akilia. Mapato ya ndani ndiyo fedha ambayo madiwani wana sauti halisi juu yake, na tangu kodi ya kichwa ilipoondolewa mwaka 2005 mapato hayo yamekuwa haba. Kwa hiyo sarafu za mama wa dagaa, pamoja na leseni za maduka na ada za stendi, ndizo uwanja wenyewe wa diwani.

Sasa wajibu wao.

Mzoefu alikasirika. Alisema tunawadhalilisha viongozi, kwamba posho ya kikao haitoshi hata mafuta ya pikipiki. Alipomaliza hasira alieleza jambo la maana kuliko yote aliyoyasema tangu aanze kampeni: kwamba kikao cha halmashauri ni angalau kimoja kila miezi miwili, na asipoingiza hoja kwenye kamati ya kudumu kabla ya kikao, diwani hupiga makofi tu. "Mimi najua mlango," alisema. Bibi mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, basi mbona hukuingia?" Hakujibu.

Mwalimu alisoma karatasi aliyoiandaa. Alikuwa amekwenda ofisini kweli. Aliona, kama tulivyoona sisi, kwamba fungu la usafi wa soko lilikuwa dogo kuliko fungu la posho za vikao, akasema atapigania ligeuzwe. Alisema vizuri, ila kwa sauti ya darasani, na waliokuwa nyuma hawakumsikia.

Tajiri aliahidi kuufunika mtaro kwa fedha yake mwenyewe kabla ya Krismasi. Makofi yakaanza. Mzee yuleyule aliyekataa Kiswahili alisimama, akauliza kwa lugha ya nyumbani, nami nikafasiri: "Ukishakuwa diwani, saruji ya mitaro mingine itanunuliwa duka gani?" Makofi yakakatika. Tajiri akasema kwa anayeuza nafuu. Nilieleza kwamba madiwani hawamo katika kamati ya mikataba, inayoamua zabuni, na kwamba Sheria ya Maadili ya Uongozi ya 2002 inamtaka kiongozi aseme wazi maslahi yake. Nikamuuliza kama atatia saini kwamba duka lake halitaomba zabuni za jiji akiwa madarakani. Alisema atashauriana na familia. Aliondoka kabla ya mwisho.

Steji alisema, "Mimi sikujua. Nilikwenda divisheni, nikaambiwa njoo kesho, nikaenda kesho, nikaambiwa ofisa yuko semina. Kwa hiyo sijui." Kisha akasema jambo ambalo watu wamelikumbuka: kwamba waendesha boda nao hulipa ada ya steji, na wala hawajawahi kuuliza. "Nagombea kwa sababu nimezoea kusimamia foleni," alisema. "Nitakwenda kila kesho mpaka ofisa achoke."

Mama Vitenge alikuja na mtoto mgongoni, mjukuu wake. Aliziomba zile sarafu nane. Alisema mbili zinunue mafuta ya lori la taka, kwa kuwa lori lipo ila linalala bila mafuta. Moja iwalipe vibarua wanaozibua mtaro kabla ya mvua za Aprili, si baada. Moja ibaki kwenye ofisi ya soko, iandikwe ubaoni kila Jumatatu imetumikaje. "Nne nyingine sizijui bado," alisema, "na nisiwadanganye." Yule mwanamume wa mkutano wa kwanza alikuwepo. Hakusema kitu.

Mwisho tuliwapa karatasi moja yenye mambo matatu: kusoma hadharani sokoni mapato na matumizi ya soko kila robo mwaka, kupeleka hoja ya mtaro kwenye kamati kabla ya bajeti, kutoomba zabuni ya jiji. Wanne walitia saini. Nakala ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya soko.

Yaliyofuata

Steji alishinda. Mzoefu alifuata, na Mama Vitenge akawa wa tatu. Siwezi kudai kwamba sarafu zilimchagua mtu. Steji za boda ni nyingi na kila moja ina vijana wenye kura.

Madiwani wapya waliapishwa Mei 2021. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna mgombea aliyelitaja na sisi hatukuwa tumelifikiria. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza 1 Julai, na bajeti hupitishwa kabla yake. Diwani aliyeapishwa Mei anakuta bajeti ya 2021/22 imeshapikwa na waliotangulia. Kila aliyeahidi "mwaka wangu wa kwanza" aliahidi fedha zilizokwisha kugawanywa. Juni kukawa na kufungwa tena kwa nchi, na vikao vikasimama.

Steji alifanya alichosema. Alikwenda kila kesho. Katika mikutano ya bajeti ya mwishoni mwa 2021 alifika na karatasi yetu ikiwa ndani ya plastiki, na bajeti ya 2022/23 ikatenga fedha za kufunika sehemu ya mtaro. Sehemu hiyo ilifunikwa, upande wa wauza nyanya na dagaa. Upande wa nyuma, wa wachinja kuku, uko wazi hadi leo. Alisoma hesabu sokoni mara tano. Mara ya sita hakuja, wala ya saba, na tulipomuuliza alisema ofisi imeacha kumpa takwimu. Huenda ni kweli. Alikuwa pia amenunua gari, na watu walisema waliyoyasema. Sina ushahidi wowote kwamba alikosea, na sitaki kisa hiki kimhukumu.

Mama Vitenge aliingia kamati ya soko. Ubao wa Jumatatu aliouahidi aliuanzisha bila kuwa diwani.

Uchambuzi: kilichofaa

Kubadili swali ndiko kulikoleta tofauti. Mgombea alipoulizwa kuhusu nafsi yake alijisifu, na alipoulizwa kuhusu sarafu ya mtu aliyekaa mbele yake alilazimika kuonyesha anavyofikiri. Hata Mzoefu, aliyekuja na methali, alitoa ujuzi wa kweli pale tu alipobanwa. Tungeendelea na swali la kwanza tungekufa bila kujua kwamba ujuzi huo anao.

Kutoa swali mapema nako kulifaa, na sasa ningelitetea kwa nguvu zaidi. Wiki zile tatu zilikuwa mtihani kamili kuliko mkutano wenyewe. Mwalimu alikwenda ofisini akapata. Steji alikwenda akakosa, akasema amekosa. Mzoefu na Tajiri hawakwenda. Mama Vitenge hakwenda ofisini, alikwenda kwa dereva wa lori la taka, na ndiye aliyejua kuwa tatizo ni mafuta. Hiyo ni namna nne za kuwa diwani, na zilionekana kabla ya kura.

Kukubali neno "sijui" ni jambo lililotufaa bila kulipanga. Kwenye darasa lile, mgombea aliyesema hajui angezomewa. Sokoni, baada ya mimi mwenyewe kukiri mwanzoni kwamba sikujua ushuru unakwenda wapi, neno hilo likawa na heshima yake.

Na sarafu. Tungeweza kubandika asilimia ukutani. Lakini muuza soko huijua fedha kwa vidole, na alipoziona sarafu tano zikienda huku na tano kule hakuhitaji kufasiriwa. Mara ya pili niliyoeleza jambo hili, kwenye kikundi kingine, nilitumia maharagwe kwa kukosa sarafu, na haikuwa sawa. Watu waliona maharagwe.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa kubwa lilikuwa kuwaita wagombea wa jiji peke yao. Sarafu tano zilibaki divisheni, na mtaro wa soko ni kazi ya divisheni kwanza. Mgombea wa udiwani wa divisheni alikuwepo sokoni siku ile, amesimama kwenye genge la ndizi, anasikiliza, na hatukumwita. Steji alipokwama mwaka wa tatu, aliyemkwamisha alikuwa kwenye ngazi ile ambayo hatukuihoji.

La pili ni swali alilorushiwa Mama Vitenge. Nilikuwa mwendeshaji na niliinamisha kichwa. Nilipaswa kusema palepale kwamba theluthi ya halmashauri ni ya wanawake kwa Katiba, na kwamba hicho ni kiwango cha chini. Viti vya wazi ni vya kila raia. Tangu siku ile, popote alipokwenda aliulizwa hivyo, na kwenye vituo viwili mawakala walisikia wapiga kura wakisema "huyo si ana kiti chake kule?" Sijui alipoteza kura ngapi kwa mdomo wangu uliofungwa. Nilimwomba msamaha mwaka uliofuata. Alisema alikuwa amesahau, na niliona hakuwa amesahau.

Tatu, karatasi ya saini haikuwa na mwenye kuifuatilia. Tuliibandika mlangoni tukarudi nyumbani. Shirika la utafiti la ACODE limekuwa likipima madiwani wa Uganda tangu 2009 kwa mambo manne: kazi yao ndani ya vikao, kuwasiliana kwao na wapiga kura, kuhudhuria kwao halmashauri za ngazi ya chini, na ufuatiliaji wao wa huduma. Hatukuhitaji kubuni kitu. Tungechukua mambo hayo manne, tukampa mtu mmoja wa kamati daftari, tukamlipia nauli. Badala yake tulimwachia Steji ajikumbushe mwenyewe, na mtu yeyote huchoka.

Kuna na walemavu. Halmashauri ina viti vyao, vya vijana na vya wazee pia, na hakuna hata mmoja wa wagombea hao tuliyemwalika, eti kwa sababu wao huchaguliwa kwa utaratibu mwingine. Fundi viatu anayetumia kiti cha magurudumu alisikiliza mkutano wote kutoka upande wa pili wa mtaro, kwa sababu ubao wa kuvukia ulikuwa mwembamba. Mtaro tulioujadili saa tatu nzima ndio uliomzuia, na aliyeliona hilo ni mtoto wa mwenzetu, tulipokuwa tukikunja viti.

Tulichobadilisha

Kabla ya uchaguzi wa 2026 tuliita tena. Safari hii tuliwaita mapema, kabla vyama havijateua, kwa kuwa mgombea akishapewa tiketi hubeba maneno ya chama na huwa mgumu kuulizwa. Tuliwaita wa jiji na wa divisheni, wakakaa benchi moja. Ubao wa kuvukia mtaro ulipanuliwa siku mbili kabla, na fundi viatu ndiye aliyeshika kipaza sauti. Tuliuliza mambo mawili: bajeti ya kwanza utakayoigusa wewe ni ya mwaka gani, na kesho asubuhi utabisha mlango gani.

Mama wa dagaa alileta mfuko wake. Risiti za miezi ya karibuni zimechapwa kwa mashine, karatasi laini inayofutika upesi zaidi kuliko zile za zamani, kwa hiyo siku hizi huzinakili kwa mkono kwenye daftari la mjukuu wake, tarehe upande mmoja na mia tano upande mwingine.